Plagi Waliozikwa Nyuma ya Jiko

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi. Akafungua boneti, akachomoa plagi moja na kuniwekea kiganjani ili nione ilivyochoka. Ilikuwa bado na uvuguvugu, nyeusi kwenye ncha, na ilinuka petroli iliyochanganyika na masizi. Nikacheka. Fundi akaniangalia kama mtu aliyezoea wateja wa kila aina, akasema, "Dada, hii imekufa." Hapo nikacheka zaidi, mpaka ikabidi nikakae kwenye benchi la wateja. Sikuweza kumweleza. Nitawaeleza ninyi, hasa wenzangu mliokua wakati gari la familia lilikuwa kama mtu mmojawapo wa nyumbani, lenye tabia zake na siku zake za kuugua.

Letu lilikuwa pikapu ya kijani kilichofifia. Baba aliinunua ikiwa imeshazeeka, ili abebee korosho na ufuta kutoka vijijini kuleta Nachingwea mjini. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo aliyekaa upande ule alishuka kwa ruhusa ya waliobaki. Baba aliizungumzia pikapu kama watu wanavyomzungumzia mjomba mgonjwa. Asubuhi angesema leo imeamka vizuri. Jioni angesema imekohoa njia nzima, au imegoma kupanda kilima, au inakunywa kuliko kawaida, huenda ina kitu tumboni. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule na sikuwa na sababu ya kudhani kwamba hiyo ni namna ya kusema tu. Niliamini pikapu iko hai. Nikipita mbele yake asubuhi niliiamkia shikamoo, kwa sababu ilikuwa kubwa kwangu.

Mwaka ule Shangazi Zuhura, mdogo wake Baba wa mwisho, aliposwa. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo walii wake, yaani mwenye kumwozesha, alikuwa Baba. Mchumba aliitwa Bakari, kijana mpole wa Chiola aliyefanya biashara ya ufuta, na hakuna aliyekuwa na neno juu yake isipokuwa Baba. Siku Bakari alipokuja nyumbani kujitambulisha, alimkuta Baba amelala chini ya pikapu. Alisaidia kuisukuma hadi ikawaka, kisha, huku akijifuta jasho na kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Kaka, hii ungewauzia watu wa vyuma chakavu, ungepumzika."

Baba alimshukuru kwa kusukuma. Lakini tangu siku hiyo posa ikaingia mikosi. Mara kijana bado mdogo, mara ukoo wake haujulikani vizuri, mara tungoje kwanza korosho zivunwe. Mama alimsikiliza kwa muda mrefu, na siku moja akiwa anapepeta mchele akamwambia, "Baba Shabani, si useme tu ni habari ya gari." Baba akasema gari halihusiani kabisa. Alikuja kulisema hilo mara nyingi, hata mbele ya watu ambao hawakumuuliza. Mwishowe Shangazi akalia, Bibi akasusa chakula, na Baba akakubali. Ndoa ikapangwa kufungwa Matambarale, upande wa Ruangwa, kwenye nyumba ya ukoo, baada ya sala ya adhuhuri.

"Tutakwenda na pikapu," Baba akatangaza, kana kwamba kuna mtu amebisha.

Siku moja kabla ya harusi, Baba akirudi sokoni na mchele na sufuria za kuazima, pikapu ilianza kukohoa tangu mbali. Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilifika mlangoni kwetu ikitetemeka, ikapiga mlio kama wa bunduki, ikanyamaza. Baba akajaribu kuiwasha tena na tena hadi sauti ya stata ikawa nyembamba, halafu akatuma aitwe Mwalimu Lyimo.

Mwalimu Lyimo alikuwa jirani yetu, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kufundisha kwetu. Alikuwa na boksi la spana alilokuja nalo kutoka kwao, na hilo boksi lilikuwa limemfanya awe maarufu kuliko ualimu wake. Alikuja amevaa kandambili na shati la kazini, akafungua boneti, akainama. Mimi na Shabani, mdogo wangu, tulisimama karibu kadiri tulivyoruhusiwa.

"Aisee, Mzee Hamisi, chujio limeziba," akasema. "Haya mafuta ya kupimiwa kwenye chupa barabarani yana mchanga. Hapa hakipiti kitu."

Niliposikia chujio nilikimbia jikoni nikaleta la Mama, lile la kuchujia tui. Baba alilipokea, akaliinua kwenye mwanga kama anayelikagua, akanirudishia. "Asante, mama. Hili la tui. La gari ni dogo zaidi." Kisha akachomoa la gari lenyewe, kidude cha plastiki chenye mipira miwili, akakiweka mdomoni na kupuliza. Hakikupita kitu. Akapuliza kwa nguvu zaidi, na petroli ikamrudia. Alitema mate hadi machozi yakamtoka. Mama akasema kutoka jikoni kwamba leo asisogee karibu na moto, na ikiwezekana asiongee.

Mwalimu alikuwa ameshahamia kwenye plagi. Alizifungua moja moja kwa spana yake ndefu, akazipanga juu ya gunia zikiwa nne, nyeusi, zinang'aa mafuta. Akaziinamia kwa muda, halafu akatoa taarifa kwa sauti ya chini, kama daktari.

"Mbili zimekufa kabisa. Hii ya tatu iko mahututi. Hii ya nne, angalau."

Nilimwangalia Baba. Uso wake ulikuwa na majonzi, na sasa najua ilikuwa petroli.

"Basi tukatafute mpya," Baba akasema. Mwalimu akashauri wachukue plagi moja ya zamani ikawe mfano dukani. Baba akakataa. "Hili gari nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu," akasema, na Mama jikoni akagonga mwiko kwenye sufuria. Wakaondoka kwa miguu na chujio bovu mfukoni, wakaacha plagi zote juu ya gunia, kwenye jua.

Hapo lazima mnielewe. Wiki ileile mtaani kwetu palikuwa na msiba, na nilikuwa nimesikia watu wazima wakirudia kwamba maiti hacheleweshwi. Na hapa palikuwa na maiti wawili wamelala juani, na wafiwa wamekwenda dukani. Nilimweleza Shabani hali ilivyo. Yeye hakuwa mtu wa kubishana. Aliuliza tu kama kutakuwa na chakula.

Tuliwaosha kwa maji ya kopo. Sanda nayo haikuwa tatizo, kwa sababu nilijua ilipo. Bibi, mama yake Baba, alikuwa kwetu kwa matibabu ya macho, na Bibi hakusafiri bila sanda yake, kitambaa kipya cheupe alichojinunulia mwenyewe na kukikunja chini ya nguo nyingine kwenye mfuko, ili mauti yakimkuta ugenini asisumbue watu. Nilikata pembeni kidogo, kwa mkasi wa Mama. Tukawachimbia nyuma ya jiko, karibu na mpapai, kwa kijiko. Dua pekee tuliyoijua wote wawili hadi mwisho ilikuwa ile ya kabla ya kula, tukasoma hiyo.

Yule mahututi tulimlaza kitandani kwa Bibi, tukamfunika. Nilimnywesha uji wa asubuhi uliobaki, kwa kijiko kilekile baada ya kukifuta. Ulimwagika mwingi, lakini mwingine uliingia. Yule wa nne tulimweka pembeni yake awe anamwangalia.

Baba na Mwalimu walirudi jua limeanza kulegea. Chujio jipya liliingia vizuri, mipira ikabanwa, Mwalimu akapiga mluzi. Kisha akachukua plagi mpya, akaishusha kwenye tundu lake, na mluzi ukakatika. Plagi ilikuwa nene kuliko tundu. Akajaribu ya pili kana kwamba ndugu wa boksi moja wanaweza kutofautiana. Baba akaichukua akajaribu mwenyewe. Akaipuliza, akaipangusa kwenye suruali, akajaribu tena.

"Haingii," akasema Mwalimu, kwa upole mkubwa.

"Naona."

"Na duka lilikuwa na aina hii tu."

"Najua, Mwalimu."

Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, akapendekeza tukodi gari la mtu, ama Baba atangulie kwa bodaboda na sisi tufuate. Baba alitikisa kichwa hata kabla hajamaliza. Leo naelewa alichokuwa anakiona: yeye, walii, anashuka kwenye bodaboda mbele ya yule kijana wa Chiola, na kijana anauliza kwa huruma, kaka, gari je.

"Basi turudishe zile za zamani," Mwalimu akasema. "Tukizipiga msasa na kuziosha kwa petroli, zitafika Matambarale. Zikifika zikafia hukohuko, si neno." Akageukia gunia. Gunia lilikuwa tupu. "Ziko wapi?"

Nilijibu mimi, kwa sababu nilikuwa nangoja mtu aulize. "Wamezikwa."

Mama akanisahihisha kwanza, kwa mazoea tu. "Zimezikwa." Halafu akasikia alichosema.

Wakati huohuo simu ya Baba ikalia. Alikuwa Shangazi Zuhura. Kule Matambarale ilibidi mtu apande kichuguu ili kupata mtandao, na ukiwa juu ya kichuguu unapiga kelele, kwa hiyo sote tulimsikia.

"Kaka, mnafika leo au kesho asubuhi?"

"Tutafika. Gari lina tatizo dogo."

"Tatizo gani?"

"Plagi."

"Si mbadilishe?"

"Mpya haziingii. Na za zamani," Baba akafunga macho, "za zamani zimezikwa."

Kwenye simu pakawa na upepo tu. Kisha Shangazi akazungumza taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Kaka Hamisi. Kama humtaki Bakari, sema humtaki. Nitakuelewa. Lakini usinidanganye kama mtoto." Akakata.

Baba alibaki ameshika simu. Sijawahi kuona mtu aliyesema ukweli akionekana mwongo kiasi kile. Alinitazama, na nilidhani atanichapa, lakini aliuliza tu, "Mmezika wapi, mama?"

Nikampeleka. Alipiga magoti karibu na mpapai akaanza kufukua kwa mikono. Shabani alipoona hivyo akaanza kulia, kwa kuwa alikuwa ameambiwa na mimi kwamba anayefukua kaburi anashikwa mkono na aliyemo ndani. Mama akasimama pembeni amejifunga khanga, mkono shavuni. Ni hapo Mama Rukia, jirani wa nyuma, alipopita na ndoo ya maji kichwani. Aliona kilima kidogo cha udongo, mtoto analia, mwanamume amepiga magoti, kipande cha sanda. Akatua ndoo polepole. Akavua kandambili, akakaa chini kwenye udongo, akashusha khanga usoni.

"Poleni jamani," akasema. "Nani?"

"Plagi," Mama akajibu.

Mama Rukia akafikiri. "Plagi wa kwa nani?"

Mama akageuza uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Mama Rukia akayachukulia kuwa ni kilio, akamsogelea na kumshika.

Bibi naye akatoka, akipapasa ukuta kwa sababu ya macho yake. Kiswahili alikitumia kwa uchache, kama chumvi. Mambo yake makubwa aliyasema kwa Kimwera. Alimuuliza Baba jambo kwa Kimwera, Baba akajibu huku hajainua kichwa. Bibi akanyoosha mkono, akapewa kile kitambaa. Akakipapasa kwa vidole, akakisugua, akajua.

"Hii yangu," akasema.

"Nilikata kidogo tu, Bibi. Pembeni."

Akakipima kwa kiganja, akajipima kuanzia kiunoni kwenda chini. "Sasa mimi nikifa, miguu nje?"

Mama akaanguka kwa kicheko, akaanguka kwelikweli, juu ya Mama Rukia. Bibi akabaki amesimama na uso wake mgumu, lakini nilimwona akiuma mdomo. Ni Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu plagi mkononi na kuniuliza wengine wako wapi, na nilipomwambia mmoja amelazwa na mwenzake anamuuguza, alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi.

Mwalimu alizipokea zote nne na kuzisafisha juu ya gunia lilelile, kwa msasa na petroli na kipande cha waya. Alitoa mchanga, alitoa majivu. Alipofika kwa yule mahututi alisita, akainusa, akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Mzee Hamisi, hii ina sukari."

"Endelea tu, Mwalimu."

Alipima nafasi ya kila ncha kwa wembe, akazirudisha moja moja, akaunganisha waya. Baba akaingia ndani, akaweka mkono kwenye ufunguo, na midomo yake ikatembea. Pikapu ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikatoa wingu jeusi lenye harufu ya uji ulioungua, kisha ikashika. Haikutetemeka. Iliunguruma sawasawa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kumbe kwa miaka ilikuwa inaomba chujio tu. Mwalimu alicheza hatua moja mbili na kandambili zake. Shabani alikimbilia uvunguni, na asubuhi yake ilibidi abebwe kupandishwa, akishikilia kwamba hawezi kupanda gari linaloendeshwa na marehemu.

Tuliondoka alfajiri. Bibi na mimi tulikaa mbele, Mama na Shabani nyuma kati ya sufuria, na Mwalimu Lyimo akakaa juu ya mchele na boksi lake la spana, kwa tahadhari. Baba alivaa kanzu nyeupe, akaendesha mikono yote miwili juu ya usukani. Haikukohoa. Haikukohoa kwenye vilima wala kwenye mchanga, wala tulipovuka daraja la magogo ambapo Bibi alishika paja langu. Jua likapanda, mikorosho ikapita, na kadiri tulivyokaribia Baba alizidi kunyamaza, kama mtu aliyebeba mayai.

Tulipoingia Matambarale watu walikuwa wameshakaa kwenye mikeka, na upande wa Chiola wote wamefika. Shangazi Zuhura alitazama kupitia pazia la dirisha, uso umepakwa poda, mikono imejaa hina, akamwona kaka yake, akaufunika uso kwa viganja na kuharibu poda yote. Baba alishuka. Hakuzima gari. Alimpa Mwalimu ishara akae kwenye usukani awe anakanyaga mafuta kidogokidogo, akaenda kukaa mkekani mbele ya shehe.

Shehe alianza khutba. Pikapu nayo ilikuwa na ya kwake. Shehe akapandisha sauti, na kila alipopandisha, Mwalimu akadhani injini inataka kuzima, akakanyaga. Wazee wa nyuma wakaanza kuulizana kilichosemwa. Mwishowe shehe akamgeukia Baba. "Mzee Hamisi, chombo kizimwe. Nitaozesha watu wasiosikia."

Baba akarekebisha kofia. Akatazama mkeka. Kila mtu alijua kwa nini hataki kuzima, na kila mtu alingoja, na Bakari aliyekaa mbele yake na kilemba kipya akaona jasho likimtiririka Baba kutoka kwenye kofia. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Zima tu, kaka. Likigoma tutalisukuma sisi. Mimi nitakuwa wa kwanza."

Baba akainua macho. "Haya," akasema. "Kalizime wewe mwenyewe."

Bwana harusi akanyanyuka katikati ya ndoa yake, akavuka mikeka akikunja kanzu, akamwomba Mwalimu radhi, akazima gari. Akarudi na ufunguo, akauweka mbele ya Baba kwa mikono miwili. Baada ya kelele ile, ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia kuku. Kisha Baba akamshika Bakari mkono, akatamka maneno ya kuozesha, wazi na polepole.

Mchana, baada ya kula, Shangazi aliniita chumbani. Alinishika kidevu kwa ncha za vidole ili hina isinichafue. "Niambie wewe. Ni kweli mlizika?" Nikamweleza yote, pamoja na dua. Alicheka hadi wale waliokuwa wanamsuka wakamwomba atulie, halafu akalia kidogo, halafu akasema nimwite kaka yake aje amwombe msamaha. Nikamwambia, Shangazi ndiye amwombe Baba. Akasema basi nimwite tu.

Jioni pikapu ilikataa kuwaka, kama kila mtu alivyotarajia. Betri. Bakari hakungoja kuitwa. Alikunja kanzu, akaenda nyuma, na upande wa Chiola wote ukamfuata, vijana kwa wazee. Mimi nilikuwa mbele na Baba. Wakaanza kusukuma kwenye mteremko, gari likashika mwendo, vumbi likapanda, nikamwona Bakari kwenye kioo, kilemba kimelala upande mmoja, kanzu ina mkanda mweusi wa masizi tumboni. Tulipita kisima. Tulipita nyumba ya mwisho. Gari lilikuwa na mwendo wa kutosha kabisa, na siku hizi mimi mwenyewe ni dereva, najua mguu wa kushoto wa Baba ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa umekandamiza klachi hadi sakafuni, na ukiikandamiza hivyo gari la kusukumwa haliwaki.

"Baba," nikasema, "bado tu halijawaka?"

"Bado kidogo," akasema, akitazama kioo, uso wake umetulia kuliko nilivyokuwa nimeuona mwaka mzima. "Waache wafike pale kwenye mkorosho."